Unatoka Mbwera kununua laptopu ya mtumba Kariakoo? Soma hii kwanza

Mtu wa Mikocheni akinunua laptopu Kariakoo ikamletea shida, kesho yake anapanda daladala anairudisha. Mtu wa Mbwera hana kesho ya namna hiyo. Kutoka delta ya Rufiji hadi Dar es Salaam ni safari ya kupanga: nauli, mahali pa kulala, siku za kuacha kazi, halafu kurudi na mashine mgongoni kwenye pikipiki au kwenye boti. Ukikosea kuchagua, umekosea kwa miaka.

Ndiyo maana ule ubishi wa kila siku wa wapenzi wa kompyuta (Windows au Linux, SSD au HDD, ya mezani au mpakato) ukiuhamishia deltani unageuka kuwa suala la pesa. Pesa ya kamba, ya kaa, ya mpunga au ya mshahara wa mwalimu, ambayo ikishatoka haina wa kuirudisha.

Makala hii inakupitisha hatua kwa hatua: nini kimebadilika sokoni, nini uangalie, nini usidanganyike nacho, na kama kweli unahitaji laptopu.

Kilichobadilika Oktoba 2025

Windows 10 ilitoka Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa mfumo huo.

Hiyo haina maana kwamba kompyuta imezimwa. Inawaka kama jana, Word inafunguka, muziki unapiga. Kilichokoma ni yale marekebisho ya usalama ya kila mwezi. Yaani tundu jipya likigunduliwa kwenye mfumo, kwako halizibwi.

Kwa watumiaji wa nyumbani kuna muda wa nyongeza hadi 13 Oktoba 2026, lakini hauji wenyewe. Lazima ujiandikishe, na unahitaji akaunti ya Microsoft.

Sasa mbona watu hawahamii tu Windows 11? Kwa sababu Windows 11 ina masharti. Inataka RAM ya angalau GB 4, diski ya angalau GB 64, kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha 8 kuendelea. Kwa AMD, ni baadhi ya Ryzen za mfululizo wa 2000 na nyingi za baada ya hapo.

Sharti la prosesa ndilo linaloangusha wengi. Laptopu nzuri za ofisini za 2015 hadi 2017, ambazo bado zina nguvu, zimeachwa nje. Ofisi za nje zinapozibadilisha, nyingi zinaingia kwenye soko la mtumba, na soko la mtumba linaishia mezani kwa muuzaji wako.

Kwa hiyo bei ikiwa nzuri kupita kiasi, swali la kwanza ni moja: hii ni ya kizazi gani?

"Core i7" isikudanganye

Mazungumzo ya dukani huwa yanaenda hivi.

"Kaka, chukua hii. Core i7, haina mpinzani."

"Na ile pale?"

"Ile ni i5 tu, kaka. Ila bei yake imechangamka."

Mteja anawaza: saba ni kubwa kuliko tano, na hii ya saba ni ya bei rahisi. Anabeba i7. Hapo ndipo anapopigwa.

Namba 3, 5, 7 zinaonyesha daraja ndani ya kizazi kimoja. Hazilinganishi vizazi. Kizazi unakisoma kwenye namba inayofuata baada ya kistari:

- i7-4600U: kizazi cha 4.
- i5-6300U: kizazi cha 6.
- i5-8350U: kizazi cha 8.
- i5-10210U: kizazi cha 10. Hapa unasoma tarakimu mbili.

Kwenye laptopu nyembamba za ofisini, zile zenye herufi U mwishoni, kizazi cha 8 kilileta badiliko kubwa: kutoka viini viwili vya prosesa hadi vinne. Kwa hiyo i5 ya kizazi cha 8 inaiacha mbali i7 ya kizazi cha 4, na tena inapokea Windows 11.

Majina ya mashine nayo yanasaidia. Dell Latitude 7490, HP EliteBook 840 G5 na Lenovo ThinkPad T480 ni za kipindi cha kizazi cha 8. Latitude 7480, EliteBook 840 G3 na ThinkPad T470 ni za nyuma ya hapo. Lakini usiamini jina peke yake. ThinkPad T480, kwa mfano, ziliuzwa pia zenye prosesa ya kizazi cha 7. Washa mashine, fungua Settings, nenda System, kisha About, usome mwenyewe.

SSD kwanza, mengine baadaye

Kama pesa inakutosha kuboresha kitu kimoja tu, kiwe diski.

HDD ni sahani zinazozunguka kwa kasi, na juu yake kuna sindano inayosoma. Sindano haigusi sahani. Inaelea kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Sasa iweke mashine hiyo kwenye bodaboda, kwenye barabara yenye mashimo, au kwenye boti yenye injini inayotetemeka. Mtikisiko mmoja mbaya wakati inafanya kazi unatosha kuchana sahani na kupoteza kila kitu.

SSD haina kinachozunguka. Ni kama memori kadi kubwa na imara zaidi. Kwa kasi, HDD ya laptopu husoma karibu MB 100 kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida ya SATA hufika karibu MB 500. Na katika kazi za kusoma vifaili vingi vidogo, kama kuwasha mashine au kufungua programu, pengo ni kubwa kuliko hapo. Laptopu ya zamani yenye SSD inaweza kuwaka kabla ile mpya yenye HDD haijaonyesha nembo vizuri.

Inayofuata ni RAM. GB 4 inatosha kuwasha Windows 11, haitoshi kuifurahia. Lenga GB 8. Kabla ya kununua, uliza kama RAM inabadilishika. Mashine nyembamba sana, kama ThinkPad X1 Carbon, zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao: ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Latitude, EliteBook na ThinkPad za mfululizo wa T mara nyingi zina nafasi ya kuongeza.

Tahadhari moja: flashi na diski za nje zinazotangazwa kuwa na TB 2 kwa bei ya chipsi. Nyingi ni feki. Zimerekebishwa zidanganye ukubwa wake. Ukishajaza nafasi halisi, faili mpya zinapotea bila wewe kujua. Programu ya bure iitwayo H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, inaandika na kusoma flashi yote na kukuambia ukweli.

Umeme: piga hesabu ya wati

Rufiji ndio mto wenye Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Lakini megawati hazikufuati kwenye mtumbwi. Deltani watu wengi wanajua maisha ya sola, na hata palipo na nguzo umeme unakatika. Kwa hiyo swali la "ya mezani au mpakato" huku linajibiwa na betri.

Tuchukue mfano. Una paneli moja ya wati 100. Jua zuri la saa 5 ni wati-saa 500 kwenye karatasi. Ukitoa joto, vumbi, mawingu na upotevu wa nyaya, tuseme unabaki na 350.

Kompyuta ya mezani na skrini yake inaweza kula karibu wati 100. Saa 4 za kazi ni wati-saa 400. Jua lote la siku limekwisha, na bado unadaiwa.

Laptopu ya ofisini yenye prosesa ya U, ukiandika au kusoma, inakula karibu wati 15. Saa 4 ni wati-saa 60. Zinabaki 290. Ukiwasha taa tatu za LED za wati 5 kwa saa 5, unatoa 75. Kinachobaki kinachaji simu za nyumba nzima na redio ya babu.

Hesabu hiyo ndiyo inayosema kwa nini kompyuta ya mezani, hata ukipewa bure, deltani inaweza kuwa ghali.

Mambo mengine matatu ya umeme:

Kwanza, betri ya asidi usiimalize. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200, ila ukitaka idumu, tumia nusu yake tu, yaani 600.

Pili, inveta inapoteza umeme. Inachukua volti 12 za betri, inazipandisha hadi 230, halafu chaja ya laptopu inazishusha tena. Laptopu zinazochaji kwa USB-C zinaweza kutumia chaja ya gari moja kwa moja kutoka volti 12, mradi chaja iwe na wati za kutosha, kwa kawaida 45 au 65. Hapo unaruka inveta kabisa.

Tatu, kuna mashine zenye betri ya kuchomoa. ThinkPad T480 ina betri mbili, moja ndani na moja nje, na ile ya nje unaweza kuibadilisha mashine ikiwa inawaka. Ukiwa na betri ya akiba iliyochajiwa mchana, usiku wa kazi unaongezeka.

Windows au Linux? Anza na kazi yako

Wapenzi wa kompyuta wakikutana, hapa ndipo kelele zinapoanza. Tuziache kelele. Jiulize mashine unaitaka ifanye nini.

Kama wewe ni mwalimu wa kuandaa mitihani, mwanafunzi wa kuomba mkopo HESLB, kijana wa kutuma maombi Ajira Portal, au katibu wa kikundi cha wavuvi wa kuandika mihtasari na mahesabu, karibu kila unachohitaji kinafunguka kwenye kivinjari au kwenye programu ya kawaida ya kuandikia. Kwa kazi hizo Linux inakutosha.

Linux si programu moja. Ni familia ya mifumo iliyojengwa juu ya kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kwa anayeanza akitokea Windows, Linux Mint ni rahisi kuizoea: ina kitufe cha menyu chini kushoto, mafolda na saa kule kule ulikozoea. Inahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache na nafasi ya GB 20, na toleo lake la Xfce ni jepesi kwa mashine za zamani. Ni ya bure, na masasisho yake hayakuulizi kizazi cha prosesa. Ile laptopu ya kizazi cha 6 iliyoachwa na Windows 11, hapa bado ni ng'ombe wa maziwa.

Na kwetu jambo hili si geni. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mwaka huo huo ilitoka Ubuntu, Linux iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambayo jina lake lina maana tunayoijua sote: utu. Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu. Na LibreOffice inayokuja nayo leo ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010.

Lakini tusifichane. Linux haifai kwa kila mtu.

- Unatengeneza biti za singeli kwa FL Studio, au unapiga disko kwa VirtualDJ? Programu hizo zimetengenezwa kwa Windows na Mac. Baki Windows.
- Una steshenari na mkono wako umezoea Photoshop kwa picha za paspoti? Haipo kwenye Linux. Ipo GIMP, ni ya bure na inaweza kazi hiyo, ila utajifunza upya.
- Una printa? Ijaribu kwanza. HP nyingi zinakubali bila ubishi. Baadhi ya Canon zinasumbua.
- Mnabadilishana faili za Word zenye majedwali mengi? LibreOffice inafungua na kuhifadhi docx na xlsx, ila mpangilio unaweza kuhama. Barua ya kazi au CV ihifadhi kama PDF ndipo uitume.

Uzuri ni kwamba unaweza kuijaribu bila kuoa. Linux Mint inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya laptopu. Angalia kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka, skrini inapungua mwanga. Ikikukera, unazima, unachomoa flashi, mambo yanabaki kama yalivyokuwa.

Faili la kuisakinisha ni karibu GB 3. Kwa bando la kijijini hiyo ni pesa. Lipakue ukiwa mjini palipo na Wi-Fi, au mwombe fundi akuwekee kwenye flashi kabla hujaondoka.

Kama unabaki Windows, usikimbilie kreki

"Nitakuwekea Windows na Office, zote full, elfu kadhaa tu." Wengi wetu tumeisikia.

Shida ya kreki si sheria peke yake. Mara nyingi hatua ya kwanza ya kuiweka ni "zima antivirusi." Yaani unafungua mlango, unamfunga mbwa, halafu unamkaribisha mtu usiyemjua.

Na mara nyingi huihitaji. Laptopu nyingi za ofisini za miaka kumi iliyopita zilikuja na leseni ya Windows iliyohifadhiwa ndani ya ubao wa mashine. Ukisakinisha toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, kisha ukaunganisha intaneti, linajiwasha lenyewe. Angalia Settings, System, Activation. Ukiona "Active" bila kreki, umeokoa pesa na presha. Kwa upande wa Office, LibreOffice inafanya kazi kwenye Windows pia, bure.

Kuna mafundi wanaolazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyo na sifa. Inawezekana, na watu wanafanya. Ila Microsoft haikuhakikishii masasisho kwenye mashine hiyo. Mtu wa Kinondoni akikwama anamfuata fundi kwa miguu. Wewe je?

"Sina intaneti, kwa hiyo sipati virusi"

Hii ni imani hatari, hasa deltani.

Fikiria kibanda cha kujaza nyimbo na filamu kwenye memori kadi. Kwa siku moja kompyuta moja inaingiziwa kadi na flashi za watu kibao: mvuvi, mwalimu, dereva wa boda, mwanafunzi aliyetoka Kibiti. Kompyuta hiyo ikiwa na kirusi, kila anayeondoka anaondoka nacho. Intaneti haikuhusika hata kidogo.

Si nadharia. Conficker, kirusi kilichoanza kusambaa 2008, kilitumia flashi kama moja ya njia zake za kuruka kutoka mashine hadi mashine. Na vile virusi vya kugeuza mafolda yako kuwa njia za mkato, kila steshenari inavifahamu.

Sasa unganisha na Windows 10: mfumo usiozibwa matundu, usio na intaneti ya kusasisha antivirusi, unaopokea flashi za watu hamsini. Humo zimo picha za harusi, mitihani ya shule, orodha ya wanachama wa kikundi na pesa zao.

Ufanyeje?

- Usibonyeze mara mbili kitu kwenye flashi ya mteja ambacho hukukitarajia. Nyimbo haimalizikii na .exe.
- Sasisha antivirusi hata kwa flashi. Faili la masasisho ya Microsoft Defender linaweza kupakuliwa kwenye mashine nyingine na kubebwa.
- Kama kazi yako ni kunakili nyimbo na filamu tu, hapa Linux ina faida ya wazi: virusi vya Windows kwa kawaida haviwaki juu yake. Ila inaweza kuvibeba na kumpelekea mwingine, kwa hiyo usafi ni ule ule.

Chumvi, tope na maji

Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko, na mikoko inapenda kile ambacho kompyuta inakichukia: maji ya chumvi na hewa yenye unyevu. Chumvi ikitua kwenye ubao wa mashine ikakutana na unyevu, inakula shaba polepole. Feni nayo inavuta vumbi na hewa hiyo ndani kila inapozunguka.

Huhitaji vifaa vya bei. Mfuko wa plastiki mzito unaofungika au ndoo yenye kifuniko kwa safari ya boti. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu, usivitupe, vitie kwenye begi la laptopu. Usiku ifunike, usiiache dirishani upande wa bahari.

Ikimwagikiwa maji ya chumvi: zima papo hapo, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, na usiiwashe "kuona kama imepona." Ukavu peke yake hautoshi, kwa sababu maji yanaondoka na chumvi inabaki. Inahitaji kufunguliwa na kusafishwa na fundi. Na mchele, jamani, tuuache uwe wali. Hautoi chumvi kwenye ubao.

Halafu kuna kitu kisichonunulika tena: faili. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yaliwakuta watu na mazao shambani na vitu ndani. Nyaraka zikiwa sehemu moja, maji yakifika sehemu hiyo zimekwenda zote. Weka nakala tatu: moja kwenye laptopu, moja kwenye diski au flashi inayokaa nyumba nyingine, na zile muhimu zaidi, kama vyeti na orodha za kikundi, mtandaoni. Vyeti vilivyoskaniwa ni MB chache tu, bando dogo linatosha.

Je, unahitaji laptopu kweli?

Swali hili ndilo wauzaji hawakuulizi.

Kama unachotaka ni kuandika barua, kujaza fomu, kutunza hesabu ndogo na kusoma PDF, simu uliyoishika sasa inaweza. Kibodi ya Bluetooth na mausi vinaunganishwa na simu nyingi za Android. Baadhi ya Samsung za daraja la juu, kuanzia Galaxy S8 ya 2017, zina DeX: unaunganisha skrini na simu inageuka kama kompyuta.

Chromebook za mtumba nazo zinavutia kwa bei. Ila kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya masasisho iliyopangwa na Google, na zinapendeza zaidi palipo na intaneti ya uhakika. Angalia tarehe hiyo kwenye mipangilio kabla ya kulipa.

Kwa shule au maktaba ndogo kuna njia nyingine kabisa. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kitambulisho iliyoanza kuuzwa 2012, inakula wati chache tu. Ukiiwekea programu ya Kiwix, inaweza kurusha Wi-Fi yenye Wikipedia nzima ya Kiswahili bila intaneti, na wanafunzi wakaisoma kwa simu. Shirika la Powering Potential limetumia Raspberry Pi pamoja na umeme wa jua katika shule za sekondari za Tanzania, ikiwemo Karatu. Kinachofanya kazi Karatu hakina sababu ya kugoma deltani. Na Kiwix ipo pia kwenye Android. Unaweza kuanza nayo leo kwenye simu yako.

Dakika 20 za dukani

Umeamua kununua. Nenda asubuhi, mapema, kabla duka halijajaa. Muuzaji akikuharakisha, toka. Fanya haya:

1. Soma prosesa mwenyewe. Settings, System, About. Kizazi cha 8 kuendelea kama unataka Windows 11.

2. Pima betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport. Linganisha uwezo wa awali na uwezo wa sasa. Ikiwa wa sasa ni chini ya nusu, hiyo betri ni ya kubadilisha. Ipunguze kwenye bei.

3. Angalia afya ya SSD. CrystalDiskInfo ni ya bure. Ibebe kwenye flashi yako.

4. Hakikisha haijafungwa. Zima, kisha iwashe ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa ThinkPad. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, iache.

5. Iunganishe na intaneti ikiwa imesafishwa upya. Hii wengi hawaijui. Baadhi ya laptopu za makampuni zimesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni. Ukisakinisha Windows upya na kuunganisha mtandao, inadai barua pepe ya kampuni ya ng'ambo. Leo inafanya kazi. Siku utakayoisafisha ukiwa Mbwera, inakufungia nje. Mwambie muuzaji airudishe mwanzo mbele yako, washa hotspoti ya simu yako, uone.

6. Bonyeza kila kitufe, jaribu kila tundu. USB zote, spika, kamera, maiki, Wi-Fi, na chaja yenyewe.

7. Chukua risiti yenye namba ya mashine na muda wa dhamana. Mwambie ukweli: "Kaka, mimi natoka mbali, siwezi kurudi kesho." Muuzaji mzuri atakuelewa. Anayeanza kukwepa amekujibu tayari.

Kabla ya kupanda basi la kurudi, lala nayo usiku mmoja Dar kama una ndugu wa kukupokea. Iwashe saa kadhaa, icheze filamu nzima, ichaji mpaka ijae, ichomoe uone inadumu muda gani. Mashine mbovu huwa haijifichi usiku mzima.

Asubuhi ikiwaka vizuri, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, itie kwenye begi, safari ianze. Ikigoma, bado uko Dar, na duka bado liko wazi.